Kuziba uvungu wa nyumba dhidi ya unyevu ili kupunguza gharama za kiyoyozi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya wenye nyumba wa kusini-mashariki mwa Marekani: North Carolina, Tennessee, Kentucky, Georgia, Virginia na majimbo jirani. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zimehamia huko, hasa kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, na baadhi yao sasa wananunua nyumba zao za kwanza. Msimamo wangu nauweka mapema. Kuziba uvungu ni kazi njema, lakini faida yake kubwa ni kuondoa unyevu. Nafuu ya bili ya umeme ipo, ila ni ya pili. Ukilijua hilo kabla ya kusaini mkataba, utaamua vizuri zaidi.

Uvungu wa nyumba ni nini, na nitajuaje kama nyumba yangu inao?

Wengi wetu tumekulia katika nyumba zilizokaa juu ya jamvi la zege, kwa hiyo nafasi tupu chini ya sakafu ni jambo geni kwetu. Nyumba nyingi za huku zina ukuta mfupi wa msingi kuzunguka pande zote, na juu yake kuna maboriti ya mbao yanayobeba sakafu. Kati ya maboriti na udongo hubaki nafasi ya nusu mita hadi mita moja na kitu, ambayo mtu huingia kwa kutambaa. Mafundi wa huku wanaiita krolispesi. Humo ndimo yanamopita mabomba ya maji, nyaya, na mara nyingi mabomba makubwa ya kusambaza hewa ya kiyoyozi.

Zunguka nyumba kwa nje. Ukiona vidirisha vidogo vya wavu karibu na ardhi na mlango mfupi upande mmoja, uvungu upo. Ukipanda ngazi mbili tatu kabla ya kufika mlango wa mbele, hiyo nayo ni dalili.

Unyevu wa chini ya sakafu unaongezaje bili ya kiyoyozi?

Kwa njia tatu.

Kwanza, kiyoyozi hufanya kazi mbili kwa pamoja: kupoza hewa na kuikamua maji. Kugeuza lita moja ya mvuke kuwa maji kunahitaji kuondoa joto la karibu kilowati-saa 0.68. Kiyoyozi cha kawaida hutumia takriban theluthi moja ya kiasi hicho kwa umeme. Tuseme lita 10 za mvuke zinapanda kila siku kutoka uvunguni kupitia nyufa za sakafu. Hapo umeongeza zaidi ya kilowati-saa 2 kwa siku, na kwa bei ya senti 15 ni kama dola 10 kwa mwezi. Hazitakufilisi, lakini ni fedha zako.

Pili, hewa yenye unyevu humfanya mtu ahisi joto hata kipimo kikionyesha nyuzi 24. Watu wa nyumbani hushusha kipimo hadi 22, halafu 21, na kila nyuzi moja ina gharama yake.

Tatu, na hapa ndipo fedha nyingi zinapopotelea, mabomba ya hewa yaliyomo uvunguni huvuja kwenye maungio. Wakala wa Mazingira wa Marekani, kupitia mpango wake wa ENERGY STAR, unasema kwamba katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita kwenye mabomba hayo hupotea kwa kuvuja na kwa maungio mabaya. Hewa uliyolipia kuipoza inamwagika kwenye giza la uvunguni. Bomba linalorudisha hewa kwenye mashine nalo huvuta hewa chafu na yenye maji kutoka humo humo na kuipeleka chumbani.

Matundu ya hewa kwenye msingi yanafanya nini basi? Hewa si ndiyo inayokausha?

Kila mtu huuliza hili, na ni swali la haki. Nguo zikianikwa kwenye upepo hukauka, kwa nini uvungu usikauke?

Jibu liko kwenye joto la vitu vilivyomo. Mchana wa Julai mjini Raleigh hewa ya nje inaweza kuwa nyuzi 32 za Selsiasi (90 za Farenhaiti), na unyevu asilimia 60. Hewa hiyo ikipoa hadi karibu nyuzi 23 inakuwa imeshiba kabisa, yaani asilimia 100, na kuanzia hapo inaacha maji. Uvungu umekaa juu ya udongo, kivulini kutwa, na sakafu iliyo juu yake imepozwa na kiyoyozi. Mara nyingi joto lake ni nyuzi 20 hadi 23. Bomba la kiyoyozi linabeba hewa ya nyuzi kama 13. Kwa hiyo hewa ya nje ikiingia kwa matundu inafanya kile inachofanya kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji: inaacha umande juu ya mabomba, juu ya maboriti, na ndani ya sufi ya kinga ya joto iliyobanwa kati ya maboriti.

Katika sehemu kavu kama New Mexico matundu hukausha kweli. Kusini-mashariki hukausha wakati wa baridi na kulowanisha wakati wa joto. Ndiyo maana ile desturi ya kufungua matundu kiangazi na kuyafunga majira ya baridi huleta maji ndani katika miezi ile ile unayotaka yabaki nje.

Kanuni za ujenzi ziliyalazimisha matundu haya kwa miongo mingi, futi moja ya mraba ya tundu kwa kila futi 150 za mraba za uvungu. Siku hizi kanuni za mfano za makazi zinazofuatwa na majimbo mengi zinaruhusu uvungu usio na matundu, kwa masharti. North Carolina iliweka sehemu mahususi ya uvungu uliozibwa kwenye kanuni zake mwaka 2004.

Nitaokoa asilimia ngapi hasa?

Utafiti ninaouamini zaidi ulifanywa Princeville, North Carolina, mji mdogo ulioanzishwa na watu waliotoka utumwani na kusajiliwa rasmi mwaka 1885. Kimbunga Floyd kiliuzamisha mwaka 1999. Baada ya mafuriko zilijengwa nyumba mpya, na shirika lisilo la kibiashara la Advanced Energy la Raleigh lilichukua 12 kati yake, za ramani moja na ukubwa mmoja, likazigawa makundi matatu ya nyumba nne nne. Kundi moja liliachwa na matundu, likiwa na nailoni juu ya udongo na sufi chini ya sakafu. Makundi mawili yalizibwa, moja likiwa na sufi chini ya sakafu na jingine likiwa na bodi za povu kwenye kuta za msingi.

Nyumba zilizozibwa zilitumia umeme pungufu kwa wastani wa asilimia 15 hadi 18 katika kupoza na kupasha joto. Nyumba zenye matundu ziliendelea kuwa na unyevu wa juu uvunguni muda mwingi wa kiangazi, ingawa udongo wote ulikuwa umefunikwa.

Kuna mambo mawili ya kuangalia katika namba hizo. Asilimia hiyo ni ya kupoza na kupasha joto, haigusi friji, jiko wala taa. Pia zile zilikuwa nyumba mpya, zilizojengwa kwa uangalifu. Nyumba yako ya mwaka 1965 yenye mabomba yaliyofumuka inaweza kuokoa zaidi, lakini nafuu hiyo ya ziada itatoka kwenye ukarabati wa mabomba kuliko kwenye nailoni. Muuzaji akikutajia asilimia 30 au 40, mwombe akuonyeshe imepimwa wapi.

Basi kazi hii inajilipa baada ya miaka mingapi?

Tupige hesabu. Nyumba ya futi 1,500 za mraba, bili ya wastani dola 160 kwa mwezi, yaani 1,920 kwa mwaka. Kupoza na kupasha joto huchukua karibu nusu, tuseme dola 960. Asilimia 15 ya hizo ni dola 144 kwa mwaka.

Makadirio ya kampuni kwa nyumba kama hiyo kwa kawaida huwa kati ya dola 5,000 na 15,000. Kwa dola 8,000 utahitaji miaka 55 kuzirudisha kupitia bili peke yake. Ukinunua vifaa vya dola 1,500 ukafanya mwenyewe, ni kama miaka 10. Ukilipa fundi dola mia kadhaa azibe maungio ya mabomba ya hewa tu, huenda fedha zikarudi ndani ya miaka michache.

Namba hizi hazinifanyi niikatae kazi. Boriti lililooza, sakafu inayobonyea, ukungu chini ya kitanda cha mtoto, nyumba kushindwa kuuzwa kwa sababu mkaguzi ameandika "unyevu mwingi": hayo yote yana bei, na uvungu mkavu unayazuia. Jumlisha hayo kwenye hesabu yako. Kama uvungu wako tayari ni mkavu na lengo ni bili pekee, peleka fedha kwenye mabomba na darini kwanza.

Nianze na nini kabla ya kununua nailoni?

Anza na maji ya mvua. Kuziba uvungu unaoingiwa na maji ni kuyafungia ndani.

Mvua ya milimita 25 juu ya paa la mita 100 za mraba ni lita 2,500. Kama gata zimejaa majani, au bomba la kushushia maji linamwaga pembeni mwa msingi, lita hizo zinaelekea chini ya nyumba yako. Safisha gata. Ongeza urefu wa mabomba ya kushushia ili yamwage mita mbili au zaidi kutoka ukutani. Tazama mteremko wa ardhi: kanuni zinataka ishuke inchi 6 ndani ya futi 10 za kwanza kutoka kwenye msingi. Mara nyingi bustani za maua zilizojazwa udongo na matandazo mwaka baada ya mwaka zimeugeuza mteremko, na maji yanarudi nyumbani. Koleo na toroli ya udongo wa mfinyanzi vinaweza kukusaidia kuliko mashine ya kunyonya unyevu ya dola 1,500.

Kisha ingia na tochi. Tafuta bomba la maji linalodondosha, hasa chini ya bafu na jiko. Fuata bomba la maji ya kiyoyozi uone linaishia wapi. Nyumba nyingi linaishia uvunguni, na siku ya joto kali linamwaga lita nyingi. Angalia bomba la mashine ya kukaushia nguo pia. Likimwagia hewa yake uvunguni, unapeleka humo maji yote ya nguo zako. Ni lazima litoke nje ya nyumba.

Nenda tena baada ya mvua kubwa. Ukikuta dimbwi, unahitaji mfereji wa ndani na shimo lenye pampu kabla ya hatua nyingine yoyote.

Kuziba kwenyewe ni kufanya nini?

Kwanza ni usafi. Mabaki ya mbao, makopo, nailoni ya zamani na sufi iliyolowa na kudondoka vyote vitoke. Mbao zilizoachwa juu ya udongo ni mwaliko kwa mchwa.

Kisha nailoni nzito juu ya udongo wote. Kiwango cha chini ni unene wa mili 6, yaani karibu milimita 0.15. Mimi nashauri mili 10 hadi 12, maana mafundi wa mabomba na wa umeme watatambaa juu yake miaka yote. Vipande vipitane inchi 6 au zaidi na kubandikwa kwa tepu maalumu. Kingo zipande ukutani inchi 6 au zaidi na kushikwa kwa gundi au vibano. Kila nguzo ya ndani ivishwe vivyo hivyo. Nyumba nyingi zilizozibwa vibaya zimeharibikia kwenye nguzo.

Kisha matundu yote ya ukutani hufungwa kwa bodi ya povu iliyokatwa kwa kipimo na kuzungushiwa povu la kupuliza. Penye mabomba na nyaya zinazopenya sakafu, ziba. Ukingo ambapo ukuta wa msingi unakutana na mbao, ziba. Mlango wa uvungu uwe na mpira wa kuzuia hewa. Mabomba ya hewa yapakwe mastiki kwenye kila ungio. Ni gundi nzito inayopakwa kwa brashi. Tepu ya kijivu ya dukani inakauka na kubanduka.

Mwisho ni njia ya kuendelea kukausha, ambayo ina swali lake hapa chini.

Nailoni juu ya udongo pekee haitoshi?

Inasaidia sana, na kama huna fedha za kazi nzima, ifanye hiyo. Inazuia mvuke wa udongo. Haizuii hewa ya nje ya kiangazi inayoingia kwa matundu, na Princeville ilionyesha tofauti hiyo waziwazi.

Sufi iliyo chini ya sakafu iondolewe?

Kama imelowa, imening'inia au ina alama za panya, iondoe. Kama ni kavu na imebana vizuri, unaweza kuibakiza na kuziba uvungu vilevile. Njia ya pili ni kuhamishia kinga ya joto kwenye kuta za msingi kwa bodi za povu. Ukichagua kuta, nunua bodi zilizothibitishwa kuachwa wazi bila kufunikwa, kwani povu la kawaida hushika moto kwa urahisi. Penye baridi kali, ambako mabomba ya hewa uvunguni bado yanavuja, kinga ya sakafuni huwa salama zaidi kwa bili.

Mashine ya kunyonya unyevu ni lazima?

Njia fulani ya kukausha ni lazima. Kanuni zinatoa chaguo kadhaa. Unaweza kupeleka uvunguni hewa kidogo iliyopozwa kutoka kwenye kiyoyozi, futi moja ya ujazo kwa dakika kwa kila futi 50 za mraba. Nyumba ya futi 1,500 inahitaji 30 tu. Weka kilango kinachozuia hewa ya uvunguni isirudi kwenye bomba mashine ikizimwa. Njia hii ni rahisi, ila inafanya kazi pale tu kiyoyozi kinapowaka. Siku za masika zenye mvua na hali ya wastani, kiyoyozi hakiwaki na uvungu unalowa.

Mashine ya kunyonya unyevu inafanya kazi siku zote. Iwekee asilimia 50 hadi 55 na uunganishe bomba lake litoe maji nje. Ndoo itajaa na hutakumbuka kuimwaga. Mashine ya wati 600 ikiwaka saa 8 kwa siku hutumia kilowati-saa 144 kwa mwezi, karibu dola 22. Linganisha na ule uokoaji wa dola 144 kwa mwaka, utaona kwa nini kuziba vizuri kunakuja kabla ya kununua mashine kubwa. Uvungu uliozibwa sawasawa huiacha mashine ipumzike.

Tuna hita ya maji ya gesi uvunguni. Kuna hatari?

Ndiyo, na hapa sitaki mtu afanye majaribio. Hita au tanuru la gesi la aina ya zamani huvuta hewa ya kuunguza kutoka pale lilipo. Ukifunga matundu linaweza kukosa hewa, moshi ukarudi ndani, na monoksidi ya kaboni ikapanda vyumbani. Haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Kabla ya kuziba, mlete fundi wa gesi mwenye leseni. Vifaa vibadilishwe kuwa vya umeme, au vya gesi vinavyovuta na kutoa hewa kwa mabomba yao yenyewe hadi nje. Weka king'ora cha monoksidi ya kaboni karibu na vyumba vya kulala, hata kama fundi amekuhakikishia kila kitu.

Kuna pia radoni, gesi ya mionzi inayotoka ardhini, iliyo nyingi katika sehemu za milimani za Tennessee, Kentucky na North Carolina. Kifurushi cha kupimia ni cha bei ndogo. Pima kabla na baada. Kipimo kikifika pikokiuri 4 kwa lita, serikali inashauri kuchukua hatua. Nailoni iliyozibwa vizuri inarahisisha kazi hiyo, kwa kuwa bomba na feni vinaweza kuvuta gesi kutoka chini yake na kuitoa juu ya paa.

Nyumba yetu iko eneo la mafuriko. Tunaweza kuziba?

Usiyaguse matundu kabla ya kuuliza ofisi ya vibali ya kaunti. Katika maeneo ya mafuriko, matundu ya msingi hutakiwa kuruhusu maji kuingia na kutoka ili yasiusukume ukuta ukaanguka. Kipimo cha kawaida ni inchi moja ya mraba ya tundu kwa kila futi moja ya mraba ya eneo. Ukiyaziba unaweza kupata shida na bima. Kuna vifuniko vilivyothibitishwa, vinavyobaki vimefungwa siku zote na kujifungua maji yakifika. Princeville yenyewe ilizama tena mwaka 2016 kwa Kimbunga Matthew, kwa hiyo hili si suala la makaratasi tu.

Mchwa je? Tukifunika kila kitu, tutawaonaje?

Acha ukanda wa inchi 3 wa ukuta bila bodi ya povu, kati ya mwisho wa juu wa bodi na mbao za nyumba, kuzunguka pande zote. Humo ndimo mkaguzi anapoziona njia za udongo za mchwa wakipanda. Fundi akipaka povu hadi kwenye mbao bila kuacha ukanda huo, mkataze. Kampuni ya mchwa inaweza kufuta dhamana yako.

Naweza kufanya kazi hii mwenyewe na ndugu zangu?

Kama uvungu una kimo cha kutosha, hauna maji yanayosimama na hauna gesi, mnaweza. Ni kazi ya wikendi kadhaa, ya kulala kwa tumbo. Vaeni barakoa ya kuchuja vumbi, miwani, glavu na ovaroli. Wekeni taa za kutosha, na asiingie mtu peke yake. Nyoka na buibui wenye sumu hupenda humo. Nyumba ikiwa ya kabla ya miaka ya 1980 na mabomba ya zamani yamezungushiwa kitu cheupe kama bandeji ngumu, msikiguse: huenda ni asbesto, na ipimwe kwanza. Ulizeni pia kama kaunti inahitaji kibali. Kazi isiyo na kibali huibuka siku ya kuuza nyumba.

Muuzaji alibisha hodi, akaingia uvunguni, akatoka na picha za ukungu na kusema sakafu itaanguka. Nifanye nini?

Usisaini siku hiyo. Punguzo la "leo tu" lisikukimbize. Picha iliyopigwa kwa tochi humfanya kila mtu aogope, na ule unga mweupe kwenye matofali mara nyingi ni chumvi iliyoachwa na maji, wala si ukungu.

Mwambie akuonyeshe namba. Kipima unyevu wa mbao ni kifaa kidogo chenye sindano mbili. Boriti lenye chini ya asilimia 20 haliko katika hatari ya kuoza. Likikaribia 28 na kubaki hapo, fangasi waozeshao mbao wanaweza kukua. Ukiweza nunua kipima chako mwenyewe, kisha upime sehemu kumi tofauti. Kama anasema maboriti yamekwisha, lipia mhandisi wa majengo au mkaguzi asiyeuza nailoni aje aangalie. Dola mia chache za ukaguzi zimewaokoa watu maelfu.

Pata makadirio matatu ya maandishi, yakitaja unene wa nailoni, jinsi nguzo zitakavyovishwa, mabomba ya hewa kama yamo, aina ya mashine, na nani anashughulikia maji ya nje. Makadirio yasiyotaja maji ya nje yana kasoro.

Na ijue haki yako. Kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inakupa siku 3 za kazi kufuta mkataba uliouziwa nyumbani kwako wenye thamani ya dola 25 au zaidi. Muuzaji anatakiwa kukupa fomu ya kufutia, na kama mazungumzo ya kuuza yalifanyika kwa Kiswahili, karatasi za mkataba zinatakiwa ziwe kwa Kiswahili. Wazazi wetu wengi wamesaini mikopo ya miaka kumi kwenye tableti bila kuelewa hata ukurasa mmoja. Kama baba au mama anakaa peke yake mchana, mweleze hili mapema.

Kuna msaada wa serikali?

Kwa familia za kipato cha chini upo Mpango wa Msaada wa Kukarabati Nyumba Dhidi ya Hali ya Hewa, ulioanza mwaka 1976 chini ya serikali kuu na kuendeshwa na mashirika ya kaunti. Kwa kawaida kipato kisizidi mara mbili ya kiwango cha umaskini. Hupima nyumba nzima, na kazi haimgharimu mwenye nyumba. Foleni huwa ndefu, kwa hiyo andikisha jina sasa. Kampuni yako ya umeme nayo inaweza kurudisha sehemu ya fedha za kuziba mabomba ya hewa. Ule unafuu wa kodi wa serikali kuu wa asilimia 30 kwa kinga ya joto na kuziba hewa ulikoma kwa kazi zilizokamilika baada ya tarehe 31 Desemba 2025. Anayekuahidi huo kwa kazi mpya hana habari sahihi.

Mimi ni mpangaji. Nina la kufanya?

Uvungu ni wa mwenye nyumba. Mwandikie, ukiambatisha picha na kipimo cha unyevu wa vyumbani, na utunze nakala. Kwa upande wako ziba nyufa za sakafu chini ya sinki na nyuma ya choo, na tumia feni ya bafuni.

Mama mkwe anaishi nasi, ana pumu, na anasema nyumba inanuka uvundo. Inahusiana?

Inawezekana kabisa. Hewa ya uvunguni hupanda vyumbani kupitia kila ufa na kila bomba la hewa linalovuja, ikibeba harufu na mbegu za ukungu. Ukungu ni kichocheo kinachojulikana cha pumu. Kukausha uvungu huenda kukampa nafuu, lakini ukungu uliokwishaota usafishwe kwanza, na mama ahamie kwa ndugu wakati wa kazi hiyo, vumbi lisije likamwamsha kifua. Daktari wake aendelee kumwona kama kawaida. Kwa familia yenye mgonjwa kama huyu, ile hesabu ya miaka 55 haina uzito.

Nitajuaje kama kazi imefanikiwa?

Nunua vipima unyevu viwili vinavyotuma namba kwenye simu. Kimoja weka uvunguni mbali na mashine, kingine sebuleni. Anza kuviangalia wiki chache kabla ya kazi ili uwe na cha kulinganisha. Baada ya kazi, uvungu ushuke chini ya asilimia 60 na ubaki hapo hata Agosti. Mbao hukauka polepole, kwa hiyo zipe wiki kadhaa. Wakati huo milango inaweza kulia na mbao za sakafu kuachana kidogo, na ni kawaida.

Bili zilinganishe na za mwezi uleule wa mwaka uliopita, kwa kilowati-saa. Bei ya umeme hupanda, na dola zitakudanganya. Kila masika safisha chujio la mashine, mwaga maji kidogo kwenye bomba lake uone kama yanatoka nje, na umulike tochi pembe zote nne. Unyevu ukipanda ghafla baada ya miezi ya utulivu, tafuta maji kabla ya kuilaumu mashine: bomba la jikoni, gata iliyoziba, au fundi wa intaneti aliyepitisha waya wake na kuuacha mlango wa uvungu wazi.